Kikopo cha Kwanza

Ifahamike kwa wote, wagonjwa kwa wahudumu, kwamba maabara hii haitapokea sampuli yoyote isiyokuwa na jina kamili, umri, jinsia na saa iliyochukuliwa. Sampuli isiyo na mwenyewe si sampuli. Nyuma ya kila kikopo kuna mtu, na mtu huyo ana haki ya kujulikana. Ndivyo lilivyosema tangazo la uongozi wa hospitali, na kwa kuwa lilisema kwa herufi kubwa, likagongwa muhuri na kutiwa ndani ya fremu ya kioo, hapakuwa na sababu ya kulitilia shaka. Lilitundikwa juu ya dirisha dogo la kupokelea mikojo, mahali ambapo mtu halioni mpaka ainue kichwa. Na mtu anayekabidhi mkojo wake mbele ya foleni huwa hainui kichwa.

Upande wa ndani wa dirisha hilo aliketi mtu ambaye hospitali nzima ilimwita Kawaida.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia kwenye kiti kimoja, juu ya mto alioushona marehemu mkewe. Mbele yake palikuwa na rafu ya mbao yenye matundu ishirini na manne ya kusimamishia mirija ya kioo. Kulia kwake kulikuwa na mashine ya kuzungushia mikojo mpaka mashapo yatulie chini, mashine iliyotetemeka hivi kwamba kila baada ya wiki mbili ilibidi irudishwe katikati ya meza. Kushoto kwake ilikuwa hadubini. Katika hadubini hiyo alikuwa ameona chembe za damu, chembe za usaha, vijidudu vyenye mikia, na fuwele zenye umbo la bahasha zilizofungwa, ambazo kila mwaka alizionyesha kwa wanafunzi wa mafunzo akisema kwamba hizo ndizo barua pekee alizokuwa akipokea. Wanafunzi walicheka. Walidhani ni utani.

Jina lake hilo hakupewa na mama yake. Lilianzia kwenye kikopo.

Kijiti cha kupimia mkojo ni kipande chembamba cha plastiki chenye vijisanduku kumi vya rangi: kimoja cha sukari, kimoja cha protini, kimoja cha damu, na kadhalika. Unakichovya, unahesabu sekunde, unalinganisha rangi zake na zile zilizochapwa ubavuni mwa chupa yake. Lakini vijiti navyo vina tabia zao. Chupa ikiachwa wazi unyevu ukaingia, kijiti huanza kusingizia watu maradhi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, hupimwa maji maalumu ya kiwandani ambayo majibu yake yanajulikana. Yakisomeka sawasawa, vijiti ni vizima na kazi inaanza. Yakisomeka vingine, chupa hiyo inatupwa.

Maji hayo yaliisha mwaka wa kwanza wa Kawaida kazini. Ombi la kuletewa mengine likapelekwa juu. Juu wakajibu kwamba ombi linashughulikiwa.

Mkuu wa maabara wa wakati ule, mtu wa vitendo, aliwakagua wafanyakazi wake kama mnunuzi wa ng'ombe. Mmoja alikuwa na kisukari. Mmoja alikuwa mjamzito. Mmoja, ilijulikana alikuwa akipitia wapi jioni. Akabaki jamaa mmoja mwembamba wa pembeni, asiyekunywa, asiyevuta, anayelala mapema na ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika kuumwa hata jino.

"Wewe," alimwambia, "nenda katuletee."

Akaenda, akaleta. Ukapimwa, ukawa safi kuliko maji ya kiwandani. Kwenye kifuniko cha kikopo mkuu aliandika KAWAIDA, maana ndivyo mkojo huo ulivyokuwa, akakiweka tundu la kwanza la rafu. Ilikuwa iwe kwa siku mbili tatu. Yule mkuu alistaafu, akaja mwingine, akaondoka, akaja wa tatu, na kila siku ya kazi saa moja na nusu asubuhi kile kikopo kilikuwa tundu la kwanza. Kidogo kidogo neno likahama kutoka kwenye kifuniko likamvaa mwenye kikopo, na kwa kuwa hakulikataa, likakaa.

Si hivyo tu, bali alilifanyia kazi. Chumvi aliipunguza. Vidonge vya vitamini hakuvigusa, kwa sababu vitamini ikizidi huvifumba vijiti macho visione damu wala sukari. Kwenye harusi alikaa karibu na mlango, akanywa maji, akaaga mapema. Alikuwa akijitunza kama mtu anayetunza mzani wa soko, na mkewe, aliyekuwa na ulimi, aliwaambia majirani kwamba wanawake wenzake wana waume wanaoondoka asubuhi na mikoba, wa kwake anaondoka na kibofu.

Mke huyo alikuwa ameshafariki mwaka wa nane sasa. Alikuwa mtu wa kumtazama usoni kabla hajatoka, akimgeuza kidevu kwenye mwanga wa dirishani, akisema leo macho yamevimba, hukulala; leo umepauka, kaa nyumbani. Baada yake kazi hiyo haikupata mtu. Kioo kilichobaki nyumbani kilikuwa cha kunyolea, ukubwa wa kiganja, kimening'inizwa kwenye msumari kwa kimo cha kidevu. Na kwa miaka minane Kawaida hakuwa na habari kamili kuhusu sehemu yoyote ya uso wake iliyokuwa juu ya pua.

Mtaani alikokaa, chumba na sebule katika nyumba ya wapangaji sita, watu walimheshimu kwa mbali. Haikuwa chuki. Fundi viatu wa kona alikuwa amewahi kumletea kikopo chenye usaha, na tangu hapo kila Kawaida akipita fundi aliona uzi umekwama kwenye sindano. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alivuka barabara. Mama wa chumba cha pili alipoishiwa chumvi aliruka mlango wake akaenda kugonga wa nne. Kawaida hakuwahi kufungua kinywa kuhusu mkojo wa mtu yeyote, na wote walijua hilo, lakini haikusaidia. Mtu akishajua kilichomo ndani yako, humgongei mlango kuomba chumvi.

Jumapili jioni dada yake alipiga simu kutoka mbali. Alimuuliza kama anakula, akajibu anakula. Alimuuliza lini ataoa tena, naye akasema mtandao unakatika.

Vitabu vinasema mkojo ni maji sehemu tisini na tano kwa mia. Sehemu tano zilizobaki ni urea, chumvi za aina aina, kreatinini na mabaki ya kile mwili ulichokitumia jana ukakichoka. Protini haimo, au imo kidogo kiasi cha kutoonekana, kwa sababu protini ni mali ya mwili na figo zikiwa nzima haziachii mali kutoka. Zikianza kuachia, dalili ya kwanza ni povu ambalo halitulii. Haya Kawaida aliwafundisha wanafunzi miaka kumi na tisa mfululizo, na aliyafundisha vizuri.

Viatu vyake vilianza kumbana jioni. Alilaumu soksi, akanunua soksi zingine. Hizo nazo zilimwachia mchoro kifundoni, wenye kina kama alama ya kamba, ambao ulikuwepo mpaka anapolala. Akasema siku hizi hawashoni soksi.

Halafu ikaja ile Jumatatu. Saa moja na nusu alichovya kijiti katika kikopo cha kwanza, akahesabu sekunde sitini kwa mdomo kama desturi yake, akatazama. Kijisanduku cha protini, ambacho kwa miaka kumi na tisa kilikuwa cha manjano au karibu na manjano, kilikuwa kimekuwa kijani. Si kijani cha kubishania. Kijani cha jani.

Hakushtuka. Alifanya kile ambacho kanuni inasema. Alifunga chupa ile ya vijiti, akaandika juu yake MBOVU, akafungua ya pili. Kijani. Akafungua ya tatu. Kijani. Dirishani foleni ilikuwa imeanza kukohoa.

Mkuu wa maabara wa sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano aliyewahi kufundishwa na Kawaida mwenyewe, tangu siku alipokuwa akishika mrija kama mshumaa. Mbele za watu Kawaida alimwita mkuu. Wakiwa wawili tu alimwita mwanangu. Alikuja, akaangalia chupa tatu, akaangalia namba ya toleo. Zote zilitoka boksi moja. Alisema bila shaka boksi zima lilipata joto njiani, na akaagiza lote lirudishwe stoo. Hakumtilia shaka mzee wake, na kwa nini amtilie? Kwenye maabara ile kila kitu kilipimwa kwa kumlinganisha na Kawaida. Kawaida mwenyewe hakukuwa na kitu cha kumlinganisha nacho. Na kwa kuwa kanuni ilisema kikopo cha kwanza kikikataa hapimwi mgonjwa yeyote, hakuna aliyepata nafasi ya kuona kwamba kwa watu wengine wote vijiti vile vingesomeka manjano tupu.

Mtunza stoo alilipokea boksi kwa uso wa mtu anayerudishiwa mahari. Alifungua chupa moja akanusa, ingawa vijiti havina harufu.

"Mwezi wa tatu ulirudisha chupa. Mwezi wa tano ukarudisha mbili. Sasa boksi zima," alisema. "Yaani dunia yote mbovu, mzima ni wewe peke yako?"

Kawaida alimwambia asaini. Mtunza stoo akasaini, akamuuliza kama kule maabara wameanza kulala humo humo, maana leo macho yake yamefura kama maandazi. Kawaida akasema ni vumbi.

Vijiti vipya viliagizwa. Ombi likawa linashughulikiwa. Kwa kuwa wajawazito hawangoji ombi lishughulikiwe, mkuu aliamua kwamba protini itapimwa kwa njia ya zamani: kuchemsha. Ni Kawaida pekee aliyekuwa akiikumbuka. Mkojo hutiwa kwenye mrija mpaka theluthi mbili, mrija ukashikwa kwa upande, sehemu ya juu ikapitishwa kwenye moto wa taa ya spiriti mpaka itokote. Ukibaki mwangavu, mtu ni mzima. Ukifanya ukungu, hudondoshewa asidi kidogo. Ukungu wa chumvi hutoweka. Ukungu wa protini hukaa, mweupe, kama ute wa yai uliogusa kikaango. Njia hiyo haihitaji kikopo cha kwanza, kwa maana moto hauharibiki ukiachwa wazi.

Kwa hiyo Jumanne na Jumatano Kawaida alikwenda haja ndogo kama watu wengine, na maji yakaondoka nayo. Mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki ukumbini kila asubuhi na kumuona akipita na kikopo chake, alimuuliza kulikoni, bomba limeziba au amestaafu sehemu. Alijibu kwamba mashine ziko likizo. Lakini alirudi kwenye kiti chake akiwa mtu mwingine kidogo. Alipanga mirija ya wengine, akachemsha mikojo ya wengine, na mara mbili mkono wake ulikwenda kwenye tundu la kwanza la rafu ukakuta tupu.

Alhamisi akaja na kikopo. Hakuna aliyekihitaji. Mkono una mazoea yake, na saa moja na nusu ni saa moja na nusu. Alipokiweka mezani aliona povu juu yake, akakipiga kidole litulie, halikutulia. Akakifunika.

Sasa kulikuwa na desturi moja katika chumba kile, aliyoianzisha yeye mwenyewe. Msomaji wa mirija hatakiwi kujua mrija upi ni wa nani. Jina humtia mtu huruma, na huruma humtia mtu makosa: ukijua huyu ni jirani, ukungu unauona mwepesi. Kwa hiyo mmoja humimina na kupanga, akageuza lebo zote zitazame ukutani. Mwingine husoma kutoka kushoto kwenda kulia, akitaja, na wa kwanza anaandika. Siku hiyo mkuu ndiye aliyemimina na kuchemsha. Alikuta vikopo kumi na viwili mezani akavimimina vyote kumi na viwili, akaipanga mirija ovyo kama desturi inavyotaka, akageuza lebo, akachukua kalamu.

Kawaida aliinama, mikono nyuma.

Safi, alisema. Safi. Safi. Wa nne una ukungu. Akadondosha asidi, ukungu ukatoweka, chumvi tu, safi. Wa tano, wa sita, safi. Wa saba nao ulikuwa na ukungu. Alidondosha asidi, akangoja. Akaongeza tone jingine. Akauinua mrija dhidi ya dirisha. Robo yake ya juu ilikuwa imeganda, nyeupe, nzito.

"Huyu figo zake zinavuja," alisema. "Na si za juzi, hizi. Atakuwa na macho yaliyovimba asubuhi, miguu jioni, na presha juu. Mwiteni leo hii, asiende nyumbani. Ana watu? Aje na mtu wa kumsikilizia, maana mgonjwa wa namna hii huwa hasikii anachoambiwa."

Mkuu aligeuza mrija aandike jina. Kalamu ilibaki hewani. Kawaida, ambaye hakupenda kazi isimame, alimuuliza kama lebo haisomeki. Mkuu akaugeuza mrija taratibu mpaka lebo ikamtazama mzee.

Kwenye ukumbi mama wa usafi alisikika akimkemea mtu aliyekanyaga palipolowa.

"Tuchemshe tena," alisema Kawaida. "Asidi hii ina muda. Huenda imeharibika."

"Mzee wangu, asidi ni hii hii iliyomsafisha wa nne."

"Basi mrija. Mrija haukuoshwa vizuri."

"Nimeuosha mimi."

"Hebu chemsha tena kwa taa ile nyingine..."

"Baba," alisema mkuu, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "sasa utaitupa na taa?"

Kawaida alikaa kwenye mto wake. Aliutazama mrija kwa jicho la kazi, na mkuu alisimulia baadaye kwamba kilichomtisha hakikuwa hofu ya mzee bali aibu yake: alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa na mzani uliochezewa. Kama yeye si kawaida, alikuwa nani pale? Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini wahenga hawakukutana na mganga anayejipima kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa.

Mchana huo, kabla hajaenda kwa daktari, aliomba rejista za nyuma. Akasoma peke yake, kidole kwenye mstari. Miaka kumi na minane ya kwanza zilitupwa chupa tatu, na zote alizikumbuka: moja iliachwa wazi wikiendi, mbili zilipitwa na muda. Mwaka huu peke yake: Januari, kikopo cha kwanza kimeonyesha protini hafifu, chupa ikatupwa. Machi, hafifu, ikatupwa. Mei, chupa mbili. Julai, alifungua ya pili akaisoma kwa huruma, akaiandika safi. Aliiona huruma yake mwenyewe pale, kwenye mwandiko uliobana. Septemba, boksi zima. Ilikuwa historia kamili ya ugonjwa wake, tarehe kwa tarehe, kwa mkono wake, safi bila kufutwafutwa, na kila mahali ilipotakiwa kuandikwa mgonjwa iliandikwa vijiti.

Mkuu alimwandikia fomu ya kipimo. Akajaza saa, akajaza jinsia, akakisia umri akapatia. Kwenye jina akasita. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa. Aliinua kichwa kwa shida, kama wale wa dirishani.

"Mzee, samahani. Jina lako kamili nani?"

Alimtajia. Mkuu akaliandika, akalirudia kwa sauti ndogo, akasema ni jina zuri. Kawaida akakubali kwamba mama yake alilipenda.

Sehemu ya mwisho ya fomu ilihitaji jamaa wa karibu. Hapo alikaa na kalamu mpaka mkuu akaona heri atoke nje akashughulike na foleni. Alipoandika, aliandika jina la dada yake. Kwenye nafasi ya anakoishi, ambayo ilikuwa fupi, ilibidi aendelee pembeni, kwa sababu ni mbali.

Daktari alikuwa mtu wa haraka mwenye macho mekundu ya zamu. Alimfunga mkanda wa presha, akaujaza upepo, akaujaza tena, akatazama namba kama mtu anayetazama bei. Alibonyeza mguu wa Kawaida kwa kidole gumba, shimo likabaki. Akasema figo hazipigi kelele, ndiyo taabu yake. Laiti mtu angepima mkojo mapema, hata mara moja tu katika mwaka huu.

"Nimepima kila siku, daktari," alisema Kawaida.

Daktari akaacha kuandika. "Kila siku? Na ukapata majibu gani?"

"Kwamba vijiti ni vibovu."

Daktari alimtazama kuona kama anataniwa, akaona hataniwi, akarudi kwenye karatasi. Alimweleza kwamba damu itatoa jibu kamili, ila kwa makadirio figo zimebaki na nguvu ya nusu, pengine chini ya hapo. Vidonge kila siku, bila kuruka. Chumvi apunguze. Kawaida alisema chumvi alishaipunguza tangu miaka kumi na tisa. Daktari akasema basi aendelee. Kazini apumzike miezi mitatu. Tukiwahi tunaweza kuishikilia ilipo, alisema. Nusu si haba, watu wanaishi na nusu. Halafu akauliza nani atamkumbusha dawa, na Kawaida akasema ana saa.

Jumapili dada yake alipiga. Alimuuliza kama anakula. Mtandao ulikuwa mzuri, bahati mbaya. Kawaida akamweleza yote, kwa mpangilio, kama anavyowaeleza wanafunzi: maji tisini na tano, mali ya mwili, mlango unaovuja. 

"Sasa nani yuko na wewe?" dada akauliza.

"Watu wapo. Mkuu anapita, hata mtunza stoo kaniulizia."

"Kaka, hao wa kazini. Mimi nimeuliza hapo ulipo."

Alitazama hapo alipo. Palikuwa na kitanda, meza, jiko, viatu viwili alivyovilegeza kamba, na kile kioo kwenye msumari. Alisema ni saa ya dawa, akamtakia usiku mwema. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Dada akasema atakuja mwisho wa mwezi, atake asitake. Hakusema hapana. Baada ya simu alichukua nyundo, akapandisha msumari juu kwa shubiri moja, akajitazama.  Ulikuwa uso wa mtu ambaye yeye mwenyewe, angemwona dirishani, angemwambia akae asiondoke.

Jumatatu alirudi hospitali, safari hii kwa mlango wa mbele, akakaa kwenye benchi la wagonjwa na kikopo chake ndani ya mfuko mweusi, kama wote. Fundi viatu wa kona alikuwa kwenye benchi hilo hilo na mfuko wake. Kwanza alitafuta uzi uliokwama, hakuwa na sindano. Halafu akaona mfuko wa Kawaida. Akasogea kidogo, akampa nafasi, akamuuliza kama foleni hii huwa inakwenda.

"Inategemea," alisema Kawaida. "Leo wana vijiti?"

Walikuwa navyo. Vijiti vipya vilifika Ijumaa. Zamu yake ilipofika aliinua mkono mpaka dirishani, akasukuma kikopo ndani, na msaidizi mgeni, ambaye hakumjua, akakirudisha nje: hakikuandikwa saa. Kawaida akaomba kalamu, akaandika saa, na alipoinua kichwa akaliona tangazo kwa upande wake wa mbele kwa mara ya kwanza, herufi zote na muhuri. Akalisoma lote, fundi akingoja nyuma yake kwa adabu. Akakisukuma kikopo tena, kikapokelewa.

Mkuu alimwona, akafungua mlango wa pembeni ampe mkono. Nyuma yake rejista ilikuwa wazi mezani, na macho ya Kawaida, yenye mazoea yake, yalikwenda kwenye ukurasa wa leo. Maji ya kiwandani yalikuwa bado yanashughulikiwa, na tundu la kwanza la rafu lilikuwa na kikopo kisicho chake. Mstari wa kwanza, saa moja na nusu, ulikuwa umejazwa kwa mwandiko wa mkuu. Jina: Kawaida. Umri, kistari. Jinsia, kistari. Majibu: vijiti ni vizima.